Ulaya ya Mwamanyili, Amerika ya Lingeka

Asubuhi ile nilitoka Ngulyati na baiskeli bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na shuka, kaptula nyeusi, kadi mbili na filimbi, na niliamini kwamba popote penye watu ishirini na wawili na uwanja mkavu, atahitajika mtu wa kulaumiwa. Katika miaka yangu yote ya kuchezesha ndondo, yaani mpira wa mitaani na vijijini, sikuwahi kukosa kazi kwa imani hiyo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonifuata njiani mkisema, "Babu, tufundishe kupuliza." Kozi za uamuzi zipo. Nendeni, mtapewa na cheti. Ila cheti hakizuii jiwe. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwalimu alipochoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka na majibu yake, na kazi hii nilifundishwa na Mzee Lushinge, fundi cherehani wa Bariadi, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepinda. Kwa sababu ya mguu huo alichezesha nusu moja tu ya uwanja kwa macho, nyingine kwa masikio. "Ugoko ukipigwa unalia tofauti na mpira," alikuwa akisema. Penalti zake karibu zote zilitokea goli la upande wa kivuli, alikopenda kusimama.

Nacheka, lakini alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Usifunge kamba za viatu mbele ya watu. Ukiinama wanauona mgongo wako, na wakishauona wataukumbuka mpaka jioni. Usikubali maji ya timu moja kabla hujanywa ya nyingine. Mistari ya majivu ichorwe mwisho kabisa, timu zikiwa zimeshavaa jezi, kwa sababu ng'ombe wanapenda kulamba majivu. Niliwahi kuchezesha huko Meatu mechi ambayo kundi la ng'ombe lilipita kabla ya kuanza, likalamba boksi zima. Kila faulo siku hiyo, wenyeji walisema ilikuwa nje ya boksi, wageni ndani, na shahidi pekee alikuwa tumboni mwa ng'ombe.

Mzee Lushinge ndiye pia aliyenisimulia habari ya Kombe la Mabara. Alikuwa na redio kubwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kichwani mwake mlikuwa na matokeo ya tangu zamani. Zamani hizo, alisema, bingwa wa klabu za Ulaya alikutana na bingwa wa klabu za Amerika ya Kusini. Walicheza nyumbani na ugenini, na aliyeshinda alijiita bingwa wa dunia. Dunia yenyewe ilikuwa mabara mawili. Afrika haikualikwa wala Asia haikualikwa. Sisi tulikuwa dunia ya kupokea matokeo.

"Na magoli walikuwa hawajumlishi," Mzee Lushinge alisema, huku akicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Walihesabu pointi tu. Timu moja ya Ulaya ilishinda kwao moja bila. Ikaenda ng'ambo, ikachapwa tano bila. Mtoto wa darasa la pili angekwambia nani mshindi, sivyo? Wao wakasema, huyu kashinda mara moja, yule kashinda mara moja, ngoma droo. Rudini uwanjani!"

"Wakarudi?"

"Wakarudi, na suti zao."

Na hizo mechi za tatu ndizo zilizokuwa vita. Katika mojawapo mwamuzi alitoa wachezaji nje mpaka uwanja ukabaki na nafasi ya kulima, na mmoja alipoonyeshwa njia alikataa kutoka, akaendelea kucheza. Baadaye baadhi ya mabingwa wa Ulaya walianza kutoa udhuru, wakawa wanamtuma aliyeshika nafasi ya pili. Wastaarabu, wanangu. Hawa ndio waliotuletea kitabu cha sheria.

Basi asubuhi ile niliyosema, baiskeli ilinifikisha Bariadi mjini, nikaketi mgahawani kunywa chai. Hapo alikuwapo mtu anayeitwa Injinia. Aliuza vipuri vya pampu na hakuna aliyewahi kumwona akitengeneza chochote, lakini alikuwa na nia ya kugombea, na mtu mwenye nia hiyo huwa haachwi bila cheo.

"Mwangaluka, mwamuzi," alinisalimu.

"Mwangaluka, Injinia."

"Nataka kuanzisha mashindano. Lakini si haya ya mbuzi. Nataka kitu cha kimataifa." Akanionyesha simu. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, wazungu wawili wakishikana mikono katikati ya uwanja. "Kombe la Mabara. Unalijua?"

Mimi nikiulizwa kitu ninachokijua siwezi kunyamaza. Nilimweleza yote, kuanzia nyumbani na ugenini, pointi na mechi ya tatu, mpaka yule aliyekataa kutoka. Nilimsimulia kama kichekesho. Yeye aliagiza chai nyingine, akasikiliza kama mtu anayesomewa katiba.

"Safi sana," akasema. "Tutafuata hivyo hivyo. Bingwa wa upande wa ziwani atakuwa Ulaya. Bingwa wa Meatu, Amerika ya Kusini. Na wewe utachezesha."

"Bariadi yenyewe itakuwa nani?"

"Bariadi itakuwa mwenyeji wa mgeni rasmi," akasema. Mgeni rasmi alikuwa yeye.

Ulaya ikawa Mwamanyili, wakulima wa mpunga. Amerika ya Kusini ikawa Lingeka, watu wa pamba na ng'ombe. Zawadi ilikuwa kombe la kung'aa na mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe, ambaye hajazaa. Injinia alikuwa ametoa kauli hiyo ya mtamba mbele ya watu wengi, kwa hiyo hakuweza tena kumgeuza kuwa jogoo.

Siku ya kikao, Lingeka walileta nahodha wao, kijana mrefu mkimya aitwaye Mayunga. Mwamanyili waliongozwa na mwenyekiti wa timu, Mzee Ndalahwa, mwenye kofia na fimbo. Kabla ya kikao Mayunga alinivuta pembeni.

"Shikamoo, baba. Mimi kombe silitaki. Namtaka yule mtamba."

"Wa kuchinja?"

"Wa kuoa." Akaangalia chini. "Namwoa Kabula, binti wa mzee yule mwenye kofia. Mahari nimeshapeleka yote, kabakia mtamba mmoja, na mzee hataki dume, hataki ahadi. Kuna mfanyabiashara wa samaki ana ng'ombe wake tayari. Mzee kasema msimu wa pamba ukifunguliwa mimi sijafika, basi. Wenzangu wamekubali, tukishinda mtamba ni wangu."

"Kwa hiyo unacheza na mkweo."

"Nacheza na mkwe wangu, baba. Na golini yupo shemeji."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Kipa wa Mwamanyili alikuwa Shija, kaka yake Kabula.

Kikao kilifunguliwa na Injinia kwa hotuba. Akasema Mwamanyili ni Ulaya, Lingeka ni Amerika ya Kusini. Mzee mmoja wa nyuma akaomba aelezwe kwa Kisukuma. Katibu, kijana mwenye haraka, akajibu kwa kifupi: Ulaya ni sukuma, Amerika hii ni dakama.

Na hakukosea. Kwa lugha yetu sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Ila sisi wenyewe ndio tumeitwa kwa upande huo wa kaskazini, na Mdakama ni yule mtu wa huko chini, Unyamwezini. Kumwita mtu wa Lingeka Mdakama hadharani ni kulihamisha kaburi la babu yake mpaka Tabora.

"Nani Mdakama?" Lingeka walisimama wote. "Nani Mdakama hapa?"

"Ramani inasema hivyo!" Katibu alijitetea.

"Ramani ya nani? Sisi tuna ng'ombe, ninyi mna dagaa! Sasa nani Msukuma hapo?"

"Hee! Dagaa anaingiaje kwenye mpira?" Mzee Ndalahwa aligonga fimbo chini. "Kwa hiyo sisi Wasukuma na Wazungu ni upande mmoja. Mimi naona ni sawa kabisa."

Katikati ya zogo hilo Injinia aliendelea kusoma sheria zake, kwa sababu alikuwa amezizoea mbele ya kioo na hakuweza kusimama katikati. Nilimsikia mimi, na labda mama aliyekuwa akigawa soda: mshindi atapatikana kwa pointi, magoli hayatajumlishwa, wakilingana itachezwa mechi ya tatu. Alipomaliza wote walipiga makofi. Walifurahi kwamba amemaliza. Ugomvi wa sukuma na dakama uliamuliwa kwamba Lingeka wataitwa Amerika peke yake, na atakayeongeza neno atoe mbuzi.

Mechi ya kwanza ilichezwa Mwamanyili. Ulaya walishinda moja bila, goli la kichwa la mtu ambaye nadhani alikuwa anakwepa nyuki. Mzee Ndalahwa alicheza ngoma na kofia yake mpaka ikapotea.

Mechi ya pili ikawa Lingeka, na huko, wanangu, niliona mpira. Mayunga alifunga matatu peke yake na la nne akampa mwenzake kama mtu anayempa mgeni kigoda. Nne bila. Nilipopuliza ya mwisho, akina mama walimwagika uwanjani na vigelegele, na Mayunga hakushangilia na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mtamba aliyefungwa kwenye mti, akaanza kufungua kamba.

Injinia akachukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, naomba utulivu. Matokeo ni sare."

Akina mama waligeuka wote kumtazama.

"Sare ya nini?" Mayunga aliuliza, kamba mkononi.

"Ulaya wameshinda mechi moja, Amerika mechi moja. Pointi ziko sawa."

"Nne kwa moja ni sawa? Hiyo hesabu ya wapi, mheshimiwa?"

"Ya Ulaya na Amerika," Injinia alisema kwa fahari. "Ndivyo walivyofanya wenyewe. Muulizeni mwamuzi."

Watu wote wakanigeukia. Nikawaambia kweli, ndivyo walivyofanya. Mama mmoja wa Lingeka alinitazama, akasema polepole, "Kwa hiyo ujinga ukitoka mbali unakuwa sheria." Jibu la hilo nadhani hata kwenye kozi za mjini hawalifundishi.

Mayunga alimfunga tena mtamba. Alifunga vizuri, mafundo mawili. Bora angetukana.

Mechi ya tatu ikapangwa Ngulyati, uwanja huru, saa nne asubuhi, maana alasiri Injinia alikuwa mgeni rasmi mahali pengine. Msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa wiki ileile. Yule mfanyabiashara wa samaki alikuja mwenyewe na pikipiki mpya, akakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa Mwamanyili na miwani ya jua.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na mpira. Kilikuwa na magoti na viwiko. Nilitoa kadi nyekundu mbili, moja kila upande, na wa Lingeka alikataa kutoka. "Hata wale walikataa," aliniambia. Kumbe habari ya redio ya Mzee Lushinge ilikuwa imefika mpaka kwao. Nilimwambia tu kwamba nikimwandika, jina la kijiji nitaandika Dakama. Alitoka mbio.

Halafu kulikuwa na kamati ya ufundi. Kijana ukisikia jina hilo kwenye ndondo usifikiri ni makocha. Ni wazee wanaozika vitu golini alfajiri. Mimi sina imani navyo, lakini pia sijawahi kuukanyaga udongo uliofukuliwa karibuni, na nawashauri mfanye vivyo hivyo.

Mapumziko, bila kwa bila. Nilikuwa nakunywa maji ya Mwamanyili, baada ya kunywa ya Lingeka, ndipo Kabula alipomjia baba yake. Alikuwa amekuja na lori la mashabiki. Shija alikuwa ameketi hapo hapo akitafuna muwa.

"Baba, samahani. Nina swali."

"Sasa hivi? Uliza, mayu." Kwetu baba humwita binti yake mayu, yaani mama, hasa akiwa na hofu naye.

"Tukishinda, mtamba anakwenda wapi?"

"Tunachinja. Kijiji kizima kinakula."

"Wewe utapata kiasi gani?"

"Mimi mwenyekiti. Nitapata kichwa."

"Na tukifungwa?"

"Tukifungwa anachukuliwa na Mayunga."

"Mayunga atampeleka kwa nani?"

Nilimwona Mzee Ndalahwa akifanya hesabu, ng'ombe mzima zizini upande mmoja, kichwa cha ng'ombe upande mwingine. Shija naye aliacha kutafuna. Mnajua mila yetu: ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kumwolea kaka. Shija alikuwa na msichana wake Lamadi, na miaka miwili alikuwa akiambiwa subiri dada aolewe.

"Yule wa samaki naye ana ng'ombe," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Yule wa samaki, baba, ana wake wawili na miwani. Mimi siendi. Ukimpokea ng'ombe wake utamrudisha mwenyewe, kwa miguu."

Nikapuliza filimbi, nikajifanya sikusikia. Masikio ya mwamuzi yanafungwa wakati wa mapumziko. Hilo nalo liandikeni.

Kipindi cha pili mwenyekiti wa Ulaya alikuwa mtu mwingine. Alizunguka kando ya uwanja akipaza sauti, "Taratibu, vijana wangu! Mpira ni undugu! Msikimbie sana, jua kali!" Wachezaji wake walimtazama kama amepigwa na jua hilo. Kidogo nikamwona nyuma ya goli lake mwenyewe akichokoachokoa udongo kwa fimbo. Mtu mmoja wa kamati ya ufundi akamuuliza anafanya nini. "Naangalia kama bado kipo," alijibu, na akakitoa, akakitia mfukoni.

Mpira ulikuwa unakaribia kwisha beki wa Mwamanyili alipoudaka mpira ndani ya boksi kwa mikono miwili, kama anadaka kuku. Kosa lilikuwa wazi kabisa, na majivu bado yalionekana. Penalti.

Mayunga aliuweka mpira. Akauokota, akauweka tena. Mtu aliyewafunga watu hawa matatu kwa raha zake sasa alikuwa anaupigia mpira ukoo mzima. Nikapuliza. Alikuja, akajikwaa kidogo, akaupiga kwa ncha ya kiatu. Mpira ulitambaa. Ulikwenda katikati ya goli, polepole, kama bibi anayekwenda kanisani.

Shija alikuwa ameshalala zamani. Aliruka kulia kabla Mayunga hajaanza kukimbia, akaenda mbali hata akaipita nguzo, akabaki huko nje amefumba macho. Mpira uliingia bila kubisha hodi.

"Refa! Kipa kauza!"

"Refa, rudisha! Irudiwe!"

Walinizunguka. Nilifikiri kwa haraka kitabu chote. Kipa akitoka mbele ya mstari kabla ya mpigo ana kosa. Kipa akiruka upande usio na mpira hana kosa. Hakuna sheria inayomlazimisha kuwa na akili. Na aliyeonewa na kosa la kipa, kama lingekuwepo, ni timu iliyopiga penalti, nayo ilikuwa inacheza ngoma. Nikaonyesha kati. Goli.

Hapo mkumbuke, vijana, jinsi hasira za watu zinavyochagua njia. Hawakumfuata Shija, huyo ni mtoto wao. Hawakumfuata Injinia, aliyekwisha kuingia ndani ya gari na kombe lake mapajani kwa sababu picha zilikuwa hazijatosha. Walinifuata mimi. Na aliyekuwa mstari wa mbele, sauti yake juu ya zote, fimbo hewani, alikuwa Mzee Ndalahwa.

"Tumeonewa!" alikuwa akilia. "Mwamuzi katuonea! Tumenyang'anywa!"

Aliponifikia karibu alinikonyeza, akarusha fimbo, akakosa kwa makusudi. Wenzake hawakukosa.

Niliifikia barabara na baiskeli yangu na nundu mbili kichwani. Nilipogeuka nyuma niliona vumbi la wanaokimbia, na mbali zaidi, upande wa pili, Mayunga akimswaga yule mtamba peke yake. Lingeka iko kusini. Yeye alikuwa akielekea kaskazini, hatua ndefu, wala hakuwa na muda wa kupiga picha.

Lori la pamba lilipunguza mwendo kwenye tuta. Dereva hakuuliza kitu, alisema tu, "Rusha baiskeli juu, baba, panda." Nilipanda, nikazama kwenye pamba mpaka kifuani. Aliposimama kupakua, tulikuwa Malampaka, penye kituo cha reli, na mimi sikuwahi kufika Malampaka. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Nikasukuma baiskeli mpaka kwenye nyumba ya kulala wageni yenye ua wa michongoma, ambako mama mnene alikuwa akianua mashuka.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Karibu. Watoka wapi na pamba kichwani?"

"Bariadi. Natafuta chumba."

"Kipo." Alikunja shuka, akainua simu aliyokuwa ameibana kwapani. "Mimi kwetu Mwamanyili. Wamenipigia sasa hivi, ndugu zangu wameporwa Ngulyati mchana kweupe. Refa kanunuliwa! Umesikia?"

"Nimesikia kelele."

"Angejitokeza hapa huyo mtu, angelala na nguruwe." Akaniangalia vizuri, kuanzia nundu mpaka kaptula nyeusi. "Na wewe unafanya kazi gani?"

Niliitazama baiskeli. Nilitazama chumba cha uani, mlango wazi, kitanda kimetandikwa, ndoo ya maji tayari.

"Fundi baiskeli," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Alitia kidole mdomoni akapiga mluzi wa nguvu kuliko filimbi yangu yoyote, na mumewe akatoka nyuma ya nyumba akisukuma baiskeli isiyo na breki. Nyuma yake jirani alikuwa anakuja na yake, mnyororo mkononi. Nikaweka shuka langu ndani ya chumba, nikatoka, nikageuza ya kwanza miguu juu.